Helmeti Niliyoikata Mbele ya Mwenyewe

Keki mliyoninunulia siku ya kuagwa ilikuwa na umbo la helmeti, na mwokaji alisahau kuiwekea matundu ya masikio. Niliiona kasoro hiyo kabla hamjaleta kisu. Nilinyamaza, maana mtu anayeagwa hutakiwa kushukuru, lakini mjue kwamba keki ile isingepita mikononi mwangu Jumamosi asubuhi.

Mmoja wenu aliniomba niandike machache kuhusu kazi ya stoo "kabla hujasahau, Mzee". Nina miaka hamsini na minane. Sijasahau kitu isipokuwa mahali nilipoweka miwani. Yaliyostaafu ni magoti; mimi nimeyafuata tu. Basi nawaandikia nyinyi watatu mnaosoma Kiswahili, wa Unguja, wa Kisumu na wa Bukavu. Wengine muwatafsirie wakati mnakunja taulo. Sitasema nilipanda cheo lini. Cheo changu cha kwanza na cha mwisho vilitofautiana kwa neno moja na dawati lenye droo isiyofunga.

Nilifika chuoni hapa, huku Marekani, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na shahada ya historia kutoka Dar es Salaam na imani kwamba Washington ilikuwa ikinisubiri. Washington haikuwa na habari. Binamu yangu wa Arlington, aliyekuwa amenilaza kwenye kochi lake kwa miezi minne na ameanza kuliangalia kochi hilo kwa huruma, aliona tangazo la msaidizi wa vifaa katika klabu za michezo za chuo.

"Ni mpira," akaniambia. "Si ulicheza mpira Tanga, wewe?"

Nilicheza. Nilikuwa kipa wa akiba. Ila sikujua kwamba mpira wa huku, futiboli ya Kimarekani, una ncha mbili na kwamba miguu haiugusi ila kwa ruhusa maalumu.

Aliyenipokea ni mkuu wa stoo, Bwana Clifton, Mmarekani mweusi wa Lanham, mwembamba, mwenye penseli nyuma ya sikio na nyingine ya akiba mfukoni. Alisoma Kiswahili chuoni miaka ya sabini, kwa mapenzi tu, na alikisema bila kosa hata moja. Tatizo lake lilikuwa hilo. Alizungumza kama mtu anayesoma hotuba kwa balozi.

"Hujambo, Bwana Shamte? Je, safari yako ilikuwa njema?"

Safari yenyewe ilikuwa basi moja na treni moja. Nikajibu kuwa ilikuwa njema, na nikajikuta nimesimama wima.

Siku ile ya kwanza alinionyesha rafu tatu, maana klabu yetu ilicheza mpira huo kwa namna tatu. Rafu ya kwanza ilikuwa ya mchezo wa kugusa: mpira mmoja, vizibao vya rangi mbili, basi. Ukiguswa kwa mikono miwili umekwisha. Walioucheza ni walimu, Ijumaa alasiri, na niliwahi kushuhudia maprofesa watatu wa sheria wakibishana dakika kumi kama mgongo wa mwenzao uliguswa au ulipepewa. Rafu ya pili ilikuwa ya mchezo wa vitambaa: saba kwa saba, kila mtu na mkanda kiunoni wenye vitambaa vinavyoning'inia, na anayekimbia na mpira husimamishwa kwa kuvutwa kitambaa. Uwanja wake ni yadi themanini kwa arobaini, ukiacha maeneo ya kufungia. Rafu ya tatu, iliyokula chumba kizima, ilikuwa ya mchezo wa kuangushana, ule wenyewe mnaouona kwenye televisheni: kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, yadi mia kwa hamsini na tatu na kipande, helmeti, pedi za mabega, za mapaja, za magoti, kinga za meno, na harufu.

"Ukiwa huna budi kukosea," alisema Bwana Clifton, "tafadhali ukosee katika rafu ya kwanza."

Mimi nilianzia ya pili. Mikanda ya vitambaa ilikuwa mikukuu, vishikizo vimelegea, ikidondoka yenyewe mtu akipiga chafya. Achieng, nahodha wa timu ya vitambaa ya wanawake, binti wa Kisumu aliyelelewa huku, mjini Columbia, alinilalamikia: "Mzee, hii mikanda inatuaibisha. Mtu anakimbia tu, inaanguka." Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilishaitwa Mzee, nikaamua kustahili cheo. Mtu wa Tanga hufunga msuli, ile shuka ya kiunoni, tangu ana miaka saba, na msuli wake haudondoki hata akipanda mnazi. Usiku ule nilikaa na sindano na uzi nikaitia mikanda yote pindo la msuli: kunja, zungusha, chomeka ndani.

Mechi iliyofuata Achieng alikimbia na mpira. Beki wa wapinzani akashika kitambaa, akavuta. Hakikutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Hakikutoka. Akaburutwa kama jahazi lililofungwa nyuma ya meli, yadi kumi na moja, mpaka wote wawili wakaanguka, na refa akapiga kipenga mara tatu kwa hasira. Nilikuwa pembeni napiga makofi. Kumbe kitambaa kikivutwa mkanda hutakiwa kufunguka, na unaokataa ni kosa kubwa kuliko yote katika mchezo ule, na timu nzima ikaadhibiwa.

"Mzee," Achieng akaniambia, nyasi mdomoni, "umetushonea suruali."

Bwana Clifton aliukagua mkanda mmoja kwa dakika nzima. "Ni fundo zuri sana," akasema. "Ningependa unifundishe. Kisha ufumue yote."

Nikafumua yote. Tangu siku ile nilijua kwamba kabla ya kurekebisha kitu uliza kwanza kinatakiwa kufanya nini. Mnacheka, lakini mmoja wenu mwezi uliopita alipaka mafuta breki za toroli.

Sasa niseme habari ya msumeno, maana mnaukuta umetundikwa mlangoni na mnadhani ni pambo.

Kila helmeti hukaguliwa asubuhi ya mechi. Unaibana kati ya viganja, unasikiliza. Unapita na tochi kwenye kila tundu la skrubu, hasa pale kizuizi cha uso kinaposhikia, kwa sababu plastiki huchokea hapo. Unajaza hewa vifuko vya ndani kwa pampu ya sindano huku mwenyewe ameivaa, siyo kabla. Na helmeti ikionekana na ufa, Bwana Clifton alinifundisha, haiwekwi kando, haibandikwi utepe mwekundu, haiandikiwi. Inakatwa vipande viwili papo hapo kwa msumeno wa chuma.

Nilimuuliza kwa nini haraka hivyo. Alitoa penseli sikioni, akairudisha. "Zamani niliweka moja kando. Niliibandika utepe. Mtu aliihitaji, akabandua utepe. Kijana yule yupo. Anatembea, amepata watoto. Lakini mwanga humuumiza kichwa; huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba."

Akanikabidhi msumeno.

Katika mwaka wangu wa pili timu ya kuangushana ilikuwa taabani. Haikuwa timu kubwa ya chuo yenye bendi na majukwaa. Ilikuwa ya klabu tu, wanafunzi wanaojilipia basi. Mapema msimu ule basi hilo liliharibika kwenye barabara ya mzunguko, wakakosa mechi. Ofisi ya michezo ikawaandikia kwamba wakikosa ya pili, timu inafungwa, na uwanja wote unakwenda kwa mchezo wa vitambaa, ambao ulikuwa na wachezaji wengi na mifupa michache iliyovunjika. Kwa kweli ofisi haikuwa na kosa. Ila nahodha wa kuangushana alikuwa Papy.

Papy alitoka Lubumbashi akiwa kijana, akasoma uhandisi, na alikuwa mkubwa. Sisemi mnene, nasema mkubwa, kama kabati lililojifunza kutembea. Aliwahi kuniambia kwamba tangu aje Marekani, kwenye lifti, kwenye basi, darasani, watu humwomba asogee. Kwenye mstari wa mbele wa timu ile, kwa mara ya kwanza, watu walimwomba asimame pale pale. Timu ile aliibeba yeye: alipiga simu, aliazima gari, aliwafuata wachezaji mabwenini. Ikifungwa, angebaki na uhandisi.

Jumamosi ya mechi ya mwisho Bwana Clifton alikuwa arusini, mpwa wake akiolewa. Stoo ilikuwa yangu. Mafua yalikuwa yamepita bwenini na wakaja wachezaji kumi na mmoja kamili, hakuna wa ziada. Wageni walishafika, basi zima kutoka milima ya Virginia.

Helmeti ya Papy niliifikia ya mwisho. Niliibana, nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Nikawasha tochi. Kwenye tundu la skrubu la kulia ulikuwapo mstari mwembamba unaopanda juu.

Papy alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni unywele, Papa Shamte."

"Unywele hufutika," nikasema, nikaupangusa kwa kidole; mstari ukabaki.

"Hii casque njo yangu," akasema, akiigusa helmeti. "Ingine haiko."

Kweli haikuwapo. Ile ilikuwa saizi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Tulikwenda kwa wageni kuazima. Ya kwao kubwa kabisa ilimkaa kichwani kama kikombe juu ya nazi. Wachezaji wao wakacheka. Papy hakucheka. Tukarudi stoo.

"Papa," akasema taratibu, "mechi moja tu. Saa mbili. Nikitoka, tuko kumi. Tukiwa kumi, imekwisha. Mi naweza weka sahihi. Kichwa ni yangu."

Nataka mjue nilichofikiri, kwa sababu siku moja mtakuwa peke yenu stoo. Nilifikiri kwamba ufa ulikuwa mdogo. Nilifikiri kwamba huyu kijana ana haki. Nilifikiri kwamba nikiiua timu yake nitakutana naye kila siku kwenye kantini kwa miaka miwili. Nikaona kwamba akiongea dakika moja zaidi atanishinda. Basi sikukata kwa ushujaa. Nilikata kwa kuogopa ulimi wake. Nilibana helmeti kwenye jiliwa, nikashusha msumeno, nikaanza.

Plastiki ile ni ngumu. Inachukua muda, na inalia. Papy alisimama akitazama mwanzo hadi mwisho, mikono imening'inia, na nusu mbili zilipoachana akatoka. Nilisikia njumu zake kwenye sakafu mpaka mlango wa nje.

Nikabaki na vumbi jeupe kwenye suruali na shahada ya historia. Mwanahistoria, akikosa la kufanya, husoma. Kwenye dawati palikuwa na kijitabu cha kanuni za klabu, ambacho nilishakisoma mara mbili kwa upweke, na nilikumbuka kwamba pale kinapoeleza mechi ni nini, kinadai klabu mbili, refa, na idadi ya wachezaji iliyokubaliwa kabla ya kipenga. Nikasoma tena nikiweka kidole. Kumi na mmoja hawakutajwa popote.

Nilikimbia uwanjani. Magoti bado yalikuwa mazima.

Kocha wa wageni alikuwa mtu mwenye mashavu mekundu na kofia ya pamba. Nilimweleza, kwa Kiingereza changu cha darasani, kwamba kuna namna ya mchezo huu wa kuangushana inayochezwa wanane kwa wanane, na uwanja mdogo.

"Unanieleza mimi?" akasema. "Shule yetu haikuwa na wavulana kumi na mmoja. Nimekua na wanane. Nimeendesha basi saa tatu, ndugu yangu. Ukisema tucheze karata nitacheza karata."

Refa, mama wa makamo aliyefanya kazi posta siku za wiki, alikisoma kijitabu changu kwa makini, akageuza ukurasa kuona kama kuna kitu nyuma. "Manahodha wote wawili waniambie wenyewe," akasema.

Papy alikuwa amekaa kwenye benchi bila jezi. Nilimweleza. Kumi wenye helmeti, wanane wacheze, wawili wapokezane.

"Watu munane?" akasema. "Huu ni mchezo ya watu ya mashamba."

"Kocha wao anasema ndivyo alivyokua."

"Na mi?"

Nahodha alikuwa akiombwa aiokoe timu kwa kukaa pembeni, na katika mchezo aliokuwa akiudharau. Aliwatazama wenzake kumi, waliokuwa wamevaa kila kitu na hawajui waende wapi. Akainuka. Akamwendea refa akasema "eight" kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Bado tulihitaji uwanja. Wa wanane ni yadi themanini kwa arobaini, na vipimo hivyo vilikuwa tayari vimechorwa kwa rangi ya njano ndani ya mistari yetu myeupe. Ulikuwa uwanja wa vitambaa, na Achieng alikuwa amesimama juu yake na wasichana kumi na wanne.

"Saa sita ni yetu, Mzee. Tulibook," akasema. "Hii mechi yenu itaisha saa ngapi?"

"Saa nane. Helmeti imetuchelewesha."

"Ai! Na sisi tutacheza kwa parking?"

Nikampa Jumamosi mbili zijazo, asubuhi nzima. Hazikuwa zangu kumpa, lakini nilizitoa. Akafikiri.

"Na huyu," akamwelekeza Papy kidole, "ameambia watu mwaka mzima ati sisi ni timu ya leso. Aseme pole."

Papy, urefu wa Achieng mara moja na nusu, alisema pole kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

"Ya Kifaransa imekuwa tamu," Achieng akasema. "Rudia hiyo." Akarudia. Basi akawageukia wasichana wake: "Shikeni kamba!"

Mistari ya njano ilikuwa imefifia, haionekani kwa mtu anayekimbia. Wasichana walivuta kamba, mimi nikasukuma toroli la rangi. Nimechora viwanja vingi tangu hapo, vingine vimepigwa picha kutoka angani, na sijawahi kuchora mstari ulionyooka kama ule. Rangi iliisha zikibaki yadi ishirini kwenye kona ya mbali. Nikakimbilia stoo, rafu ya kwanza, nikaleta vizibao vya maprofesa, tukavitandaza kwenye nyasi kimoja baada ya kingine. Refa alivitazama. "Nimeona vibaya zaidi," akasema. Milingoti ya goli ilikuwa nyuma sana, kwa hiyo wakakubaliana hakuna kupiga teke.

Wakacheza. Wanane hukimbia zaidi ya kumi na mmoja, kwa kuwa kuna nafasi, na vijana wetu hawakuwa wamezoea nafasi; walikimbia kama ng'ombe waliofunguliwa. Papy alipewa nguzo ya mnyororo wa kupimia yadi, kazi ambayo hutakiwa kufanywa kimya. Hakuifanya kimya. Alipiga kelele kwa lugha nne, akiipigapiga nguzo chini, na refa alimwonya mara mbili kwamba nguzo ikisogea tena atampa Achieng. Achieng alikuwa tayari ameinua mkono.

Tulifungwa arobaini na nne kwa thelathini. Sijapata kujivunia matokeo kama hayo. Kufungwa ni matokeo; kutotokea ndiko kungetumaliza. Refa alijaza fomu juu ya goti, akaandika idadi ya wachezaji, akatia sahihi kwamba mechi imechezwa. Ofisi ya michezo iliikalia fomu ile wiki mbili, ikatafuta kumi na mmoja ndani ya kijitabu chao wenyewe, haikuwaona, ikanyamaza. Timu iliendelea. Baadaye ilicheza wanane miaka yote ambayo haikupata watu, na nyinyi mnaodhani wanane ni kitu cha kawaida kwetu, mjue kilianza siku hiyo, kwa vizibao.

Papy alibeba nguzo hadi stoo, akaiweka mahali pake, akaondoka.

Jumatatu Bwana Clifton alizikuta nusu mbili juu ya dawati. Aliziinua moja moja kwenye mwanga. "Umekata wima," akasema. "Mimi hukata kwa upana. Lakini inakubalika." Ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa, na nimeishi nayo. Akanionyesha kitu kingine, kwa sababu alikuwa mkweli: pale msumeno ulipopita, ufa ulionekana umefika nusu tu ya unene. Huenda ungevumilia mechi ile. Huenda ungevumilia tatu. Sijui mpaka leo, na nimejifunza kulala vizuri bila kujua.

Saa tisa alasiri Papy akaingia. Alisimama mbele ya dawati, akachukua nusu moja, akapitisha ukucha kwenye ufa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea tangu asubuhi, mengine na tanbihi.

Akavuta kiti, akakaa, akavua kofia yake ya sufu, akaniinamishia kichwa.

Nikachukua tepu. Inapita juu kidogo ya nyusi, inazunguka nyuma pale panapotokeza. Nikapima. Nikapima tena. Bwana Clifton akaandika namba kwenye fomu ya kuagizia, kwa penseli ya akiba.

"Commande mbili, Papa," Papy akasema, kichwa bado chini. "Moja ya kuvaa, ingine ya kukata."